Hati ya Muungano: Mpango wa Muda Uliokaa Miaka Sitini

Machi 2017, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Visiwani watu walishangilia. Baada ya miaka mingi ya kubisha hodi, timu yao ingeweza kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina lake yenyewe. Shangwe ile ilidumu miezi minne. Julai mwaka uleule CAF ikaufuta uamuzi wake kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili vya soka ndani ya shirikisho.

Ukitazama orodha ya mambo yanayosimamiwa na Muungano wa Tanzania, michezo haimo. Zanzibar ina wizara yake inayoshughulikia michezo, ina ligi yake, na timu yake, Zanzibar Heroes, ilitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1995. Lakini mambo ya nchi za nje yamo katika orodha hiyo, na mbele ya dunia nchi ni moja tu. Kwa hiyo mpira unaochezwa Uwanja wa Amaan ni mali ya Zanzibar mpaka unapofika mlangoni kwa CAF na FIFA. Hapo unakuwa wa Tanzania.

Hakuna aliyekaa mwaka 1964 akapanga jambo hilo kuhusu mpira. Lilizaliwa lenyewe kutokana na karatasi iliyotiwa sahihi na watu wawili, na ndivyo yalivyozaliwa mengi mengine: nani anamiliki ardhi wapi, nani anatunga mtihani wa mtoto wa Pemba, mafuta yaliyo chini ya bahari ni ya nani, na kwa nini tunasema "Serikali ya Zanzibar" lakini hatusemi "Serikali ya Tanganyika". Wengi wetu tumekua tukisikia kuhusu kero za Muungano bila kuwahi kuisoma hati iliyozizaa. Ni fupi mno, vifungu vinane tu. Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba hati hii haikututawala kwa yale iliyoyasema peke yake. Imetutawala zaidi kwa jambo ililoliacha bila kulisema, na kwa neno moja ililolitumia ambalo halikutimizwa kwa wakati wake: mpito.

Siku 101

Tarehe 22 Aprili 1964, Julius Nyerere, Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, na Abeid Amani Karume, Rais wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar, waliweka sahihi zao mjini Zanzibar. Zilikuwa zimepita siku 101 tangu Mapinduzi ya 12 Januari. Wiki moja tu baada ya Mapinduzi hayo, askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, na Nyerere akalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuja kuwanyang'anya silaha, jambo aliloliona fedheha kwa taifa changa. Zanzibar nayo ilikuwa imeingia katika macho ya wakubwa wa Vita Baridi. Ujerumani Mashariki na China zilikuwa zimeingia visiwani mapema, na Washington kulikuwa na hofu ya kuzuka Cuba nyingine pwani ya Afrika Mashariki. Na upande mwingine kulikuwa na ndoto ya zamani: Juni 1963 Nyerere, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda walikuwa wametangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho la Afrika Mashariki, nia ambayo kufikia Aprili 1964 ilikuwa imeanza kufifia.

Wanaosimulia historia hii hupenda kuchagua sababu moja. Wengine wanasema ni Umajumui wa Afrika, wengine wanasema ni shinikizo la mataifa makubwa, wengine wanasema Karume alitafuta kinga dhidi ya wapinzani wake wa ndani. Sioni haja ya kuchagua. Sababu hizo zilikuwa pamoja chumba kimoja, na haraka iliyotumika inaonyesha hivyo. Rasimu iliandaliwa upande wa Tanganyika na Mwanasheria Mkuu wake, Mwingereza Roland Brown. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, alieleza baadaye kwamba hakushirikishwa. Sahihi ziliwekwa Jumatano. Kufikia Jumapili, 26 Aprili, Muungano ulikuwa umeanza kisheria.

Haraka hiyo iliacha swali ambalo halijazimika mpaka leo. Hati ilitaka iridhiwe na vyombo viwili: Bunge la Tanganyika na Baraza la Mapinduzi la Zanzibar. Bunge liliridhia, na kumbukumbu zake zipo. Kuhusu Baraza la Mapinduzi pana ubishi. Sheria ya kuridhia kwa upande wa Zanzibar ilichapwa katika Gazeti la Serikali la Dar es Salaam, na wanaohoji wanasema hawajaona ushahidi kwamba Baraza lilikaa likaipitisha. Wanaotetea wanajibu kwamba pande zote mbili zimeutekeleza Muungano kwa miaka yote hii, tena Karume mwenyewe akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na vitendo hivyo vinatosha. Wapo Wazanzibari waliokwenda mahakamani kudai waonyeshwe hati yenyewe ya asili.

Jiko moja, vyungu viwili

Sasa tuingie kwenye kiini. Nchi mbili zikitaka kuungana, njia zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni kufuta serikali zote mbili na kuunda moja. Ya pili ni shirikisho: kila nchi inabaki na serikali yake kwa mambo ya ndani, halafu juu yao inawekwa serikali ya pamoja. Hati ya 1964 haikufuata hata moja kati ya hizo.

Kifungu cha tatu kilisema kwamba katika kipindi cha mpito Jamhuri ya Muungano itaongozwa kwa Katiba ya Tanganyika, iliyorekebishwa ili kuipa Zanzibar chombo chake cha kutunga sheria na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Isome tena taratibu. Katiba ya Tanganyika ndiyo iliyogeuka Katiba ya Muungano. Bunge la Tanganyika likawa Bunge la Muungano, watumishi wa serikali ya Tanganyika wakawa watumishi wa Muungano. Zanzibar ilitengewa chumba chake. Tanganyika haikutengewa, kwa sababu nyumba nzima ndiyo iliyokuwa yake.

Mfano wa kuieleza hali hii ni wa majirani wawili walioamua kuwa na kaya moja. Mmoja akabaki na jiko lake la kupikia mambo yake ya ndani. Mwingine akalitoa jiko lake liwe jiko la wote. Tangu siku hiyo, chakula cha wote na chakula chake yeye vinapikwa kwenye moto uleule na mpishi yuleyule. Aliyebaki na jiko lake anamwambia mwenzake: unatumia kuni za wote kupika chakula chako. Aliyetoa jiko anajibu: wewe una jiko lako na bado unakula kwenye la wote, mimi langu liko wapi? Wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana mjadala wa Muungano hauishi kwa kuonyeshana takwimu, kwani kila upande una malalamiko yenye mizizi katika kifungu kimoja.

Mfano unaonekana kila siku serikalini. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Waziri wa Afya anayekaa katika Baraza la Mawaziri la Jamhuri ya Muungano anasimamia hospitali za Bara tu; za Unguja na Pemba zina waziri wake Zanzibar. Kilimo ni hivyohivyo. Elimu ya msingi ni hivyohivyo. Lakini wizara hizo hazina jina la Tanganyika wala la Bara mlangoni. Hussein Mwinyi, ambaye leo ni Rais wa Zanzibar, aliwahi kuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Muungano. Mzanzibari alisimamia zahanati za Singida na Rukwa, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Wabunge kutoka Zanzibar wanapiga kura Dodoma juu ya bajeti ya kilimo ya Bara. Mbunge wa Bara hana sauti katika Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar.

Mbona Nyerere alikubali muundo ambao nchi yake inapoteza jina? Alilieleza mwenyewe mara nyingi. Serikali moja ingeonekana kwa Wazanzibari na kwa dunia kwamba Tanganyika imeimeza Zanzibar. Serikali tatu zingeibebesha Tanganyika gharama za serikali yake na sehemu kubwa ya gharama za ile ya juu. Sensa ya 1967 ilikuta karibu watu milioni 12 Bara na takriban 355,000 Visiwani. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, aliona kwamba mdogo ndiye anayehitaji ulinzi wa kuonekana. Naiheshimu hoja hiyo. Kasoro yake ni kwamba ilimlinda Mzanzibari dhidi ya kumezwa jina, lakini haikumlinda dhidi ya mwenye jiko.

Mwaka mmoja uliokuwa kumi na mitatu

Kwa haki ya waandishi wa hati ile, wao wenyewe hawakudai kwamba wamemaliza kazi. Kifungu cha saba kilimtaka Rais, kwa kukubaliana na Makamu wake aliye mkuu wa Zanzibar, ateue tume ya kupendekeza katiba ya Muungano, kisha liitishwe Bunge la Katiba ndani ya mwaka mmoja. Maana yake, yote tuliyoyasema juu ya jiko yalikuwa mpango wa miezi kumi na miwili. Wananchi kupitia bunge hilo wangeamua sura ya kudumu.

Mwaka 1965 muda huo uliahirishwa kwa sheria, bila kuwekewa tarehe mpya. Badala yake ikaja Katiba ya Muda ya 1965, ambayo ilitumika miaka kumi na miwili. Bunge la Katiba lilikutana Aprili 1977, miezi michache baada ya vyama tawala viwili, TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar, kuungana kuwa CCM tarehe 5 Februari. Tume iliyoandaa katiba ilikuwa na watu 20 chini ya Thabit Kombo, na ni watu walewale waliokuwa wameandaa katiba ya chama kipya. Muundo wa mpito uliingizwa humo ukawa wa kudumu. Hakukuwa na mjadala wa nchi nzima juu ya swali lililoachwa wazi mwaka 1964. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya hati hii, ingawa halina picha maarufu kama ile ya Nyerere akichanganya udongo wa pande mbili.

Orodha iliyonenepa

Kifungu cha nne kilitaja mambo ya Muungano, nayo yalikuwa 11: katiba na serikali ya Jamhuri ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, mamlaka ya hali ya hatari, uraia, uhamiaji, biashara ya nje na mikopo, utumishi wa Muungano, kodi ya mapato pamoja na ushuru wa forodha na wa bidhaa, na mwisho bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Yote yaliyobaki yaliachiwa Zanzibar peke yake, kwa upande wake.

Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 ina mambo 22. Sarafu na mabenki yaliingia mwaka 1965, pale bodi ya sarafu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na kila nchi kuanza kuandaa fedha yake. Mafuta na gesi asilia yaliingia mwaka 1968. Elimu ya juu, Baraza la Mitihani, utafiti, utabiri wa hali ya hewa na takwimu nayo yaliongezwa. Mahakama ya Rufani iliingia mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kufa mwaka 1977 na mahakama yake ya rufani kufa nayo. Uandikishaji wa vyama vya siasa ulikuja mwaka 1992, vyama vingi viliporudi.

Hesabu ya 11 kwenda 22 hutajwa sana kwenye mikutano, lakini inahitaji uangalifu. Orodha yenyewe inarudia mambo: usafiri wa anga upo namba 11 na upo tena namba 17, takwimu zimo namba 13 pamoja na leseni za viwanda, kisha zinasimama peke yake namba 20. Na nyingi ya nyongeza zina sababu ya kueleweka, kwani nchi inayotumia shilingi moja haiwezi kukwepa kuwa na benki kuu moja. Ubishi wenye uzito si juu ya idadi. Uko kwenye mwelekeo wa mzigo.

Jambo likihamishwa kutoka orodha ya Zanzibar kwenda ya Muungano, Zanzibar inapoteza mamlaka. Bara inapoteza nini? Hakuna, kwa kuwa serikali inayolipokea jambo hilo ndiyo ileile iliyokuwa ikilishughulikia Bara. Katika shirikisho la kawaida, kila jambo linalopanda juu linazipunguza serikali zote za chini kwa usawa, na kwa hiyo zote zina sababu ya kulipinga. Hapa anayepungua ni mmoja. Ndiyo maana Ibara ya 98 ya Katiba inadai theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, zikihesabiwa mbalimbali, kabla ya kuigusa orodha hiyo. Ni kufuli zuri, ila liliwekwa baada ya mengi kuwa yameshaingia, na kwa miaka mingi funguo zote mbili zimekuwa mikononi mwa chama kimoja.

Mafuta yanaonyesha jinsi jambo linavyoweza kurudi. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi liliazimia mafuta na gesi yatoke kwenye orodha. Mwaka 2015 Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Petroli iliyoiruhusu Zanzibar kusimamia rasilimali zake, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi. Lakini mafuta bado yameandikwa namba 15 katika Nyongeza ya Kwanza. Sheria ya kawaida imetoa kile ambacho Katiba bado inakishika, na wanasheria walilisema hilo wakati uleule.

Fedha nazo zinafuata mkondo huo. Katiba inataja Akaunti ya Fedha ya Pamoja na Tume ya Pamoja ya Fedha, vyombo vya kuamua kila upande uchangie nini na upate nini. Tume ilichelewa sana kuundwa, na akaunti ikabaki zaidi katika maandishi. Kwa muda mrefu mgawo wa Zanzibar katika misaada ya kibajeti umekuwa asilimia 4.5. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773 kati ya 61,741,120. Mtu wa Bara anaiangalia asilimia hiyo na kuona imezidi idadi ya watu, ambayo ni kama asilimia 3. Mtu wa Visiwani anauliza kwa nini mgawo wa mshirika katika mkataba wa nchi mbili unapimwa kwa vichwa.

Sheria mbili, nchi moja

Kifungu cha tano kilisema sheria za kila upande ziendelee kutumika upande wake. Mstari huo mfupi ndio unaoeleza maisha ya kawaida. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, na mahakama za Kadhi ni sehemu ya mfumo wake rasmi. Ardhi ya Zanzibar humilikiwa na Wazanzibari, na nani Mzanzibari imeelezwa katika sheria ya mwaka 1985. Mzanzibari naye ni Mtanzania, kwa hiyo Bara anamiliki ardhi kama raia mwingine yeyote. Mtoto wa Wete anasoma mtaala wa Zanzibar katika madarasa ya chini, halafu kidato cha nne anafanya mtihani wa Baraza la Taifa la Mitihani. Uraia ni mmoja, pasipoti ni moja, ila gari lenye namba ya Zanzibar likishuka bandarini Dar es Salaam lina taratibu za kupitia. Mfanyabiashara mdogo anayevuka na bidhaa zake anaiona kero ya Muungano kwenye meza ya forodha kabla hajaisikia bungeni.

Waliojaribu kuifungua

Mwaka 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alilazimika kujiuzulu nyadhifa zake katika kikao cha chama Dodoma. Kosa lake lilikuwa kuandaa shauri la kuhoji muundo wa Muungano mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba. Mahakama hiyo imo katika Katiba, Ibara ya 125 hadi 128. Nusu ya wajumbe wake wanateuliwa na kila serikali, na kazi yake ni kupatanisha tafsiri zinapogongana. Haijawahi kusikiliza shauri hata moja. Inaniuma kila ninapoifikiria: chombo pekee kilichobuniwa kujibu swali hili kwa sheria kimebaki maandishi, na mtu aliyetaka kukitumia alijibiwa kisiasa.

Miaka tisa baadaye swali likatoka upande mwingine. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), ingawa mambo ya nje ni ya Muungano, na ikajitoa Agosti 1993. Wabunge 55 wa Bara, waliojulikana kama G55, wakadai basi na Tanganyika iwe na serikali yake. Bunge lilikubaliana na azimio lao. Nyerere, akiwa mstaafu, aliingia vitani kwa kalamu na kwa sauti, na hoja ikarudishwa nyuma. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa tayari imependekeza serikali tatu mwaka 1992; kamati ya Jaji Kisanga ikaja na mapendekezo ya aina hiyo mwaka 1999. Serikali haikuyapokea.

Mwaka 1994 hati iliguswa mahali nyeti. Makubaliano ya 1964 yalimfanya mkuu wa Zanzibar kuwa Makamu wa Rais wa Muungano. Ujio wa vyama vingi ulileta uwezekano wa Rais wa Zanzibar kutoka chama kingine kuwa Makamu chini ya Rais wa chama asichokitaka. Marekebisho ya 11 yakaleta mgombea mwenza, na Rais wa Zanzibar akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Kiutendaji naielewa sababu. Lakini mtu aliyeweka sahihi kwa niaba ya nchi akiahidiwa kiti cha pili, warithi wake leo wanakaa meza moja na mawaziri, na hilo Zanzibar halijasahauliwa.

Halafu likaja swali la utambulisho. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani iliamua katika kesi ya wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF walioshtakiwa kwa uhaini kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa dola lenye mamlaka kamili ni Jamhuri ya Muungano. Washtakiwa waliachiwa. Wengi walifurahi kuachiwa kwao na wakaumia kwa sababu iliyotolewa. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na Visiwani kukachemka. Jibu lilikuja mwaka 2010 katika Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Zanzibar: Zanzibar ni nchi, tena ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba hizi mbili zinatumika sambamba, viongozi wanaapa kuzilinda, na kila moja inaweza kuonyesha mstari wa Hati ya 1964 unaoitetea, kwa sababu hati iliunganisha nchi mbili kuwa moja bila kueleza zile mbili zinabaki kuwa nini.

Aprili 2014 ndipo karatasi yenyewe ilipoitwa barazani. Tume ya Jaji Warioba, iliyoandaa rasimu ya katiba mpya, ilikuwa imependekeza serikali tatu na kuyapunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7. Katika Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma, wajumbe walidai waione hati ya asili kabla ya kujadili muundo uliojengwa juu yake. Serikali iliitoa hadharani, na mabishano juu ya sahihi yakaendelea hata hivyo. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba, ikiwa na serikali mbili kama zamani. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanyika.

Tangu Machi 2021 Rais wa Jamhuri ya Muungano ni Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari. Serikali yake ndiyo inayosimamia korosho za Mtwara, kwa sababu kilimo cha Bara hakina serikali nyingine. Karafuu za Pemba haziko chini yake. Hizo bei yake hupangwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Katika vifungu vinane vya 22 Aprili 1964, karafuu zina mahali pake: zimo katika yale yote yaliyoachiwa Zanzibar. Kuhusu korosho za Mtwara, hati haikuandika hata mstari mmoja.